Nyumba Ndani ya Mraba Mwekundu

Mtaani walimwita Mama Miraba, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi mkali na uso usiocheka ovyo, tena mwenye kazi ambayo hakuna jirani aliyeielewa. Wengine waliamini anauza viwanja. Wengine walisema ni mpelelezi. Mwenyewe hakujisumbua kuwasahihisha. Anayetaka kujua atauliza, alisema, na asiyeuliza na akae na ujinga wake.

Ukweli ni kwamba alichora ramani katika idara ya mito na mifereji. Alianza ujanani, akiinamia meza pana yenye taa, kalamu ya wino mkononi, akifuata ukingo wa mto kwa mstari mwembamba mpaka macho yakamtoka machozi. Kisha kompyuta zikaja, na pamoja nazo zikaja picha na vipimo vya satelaiti, ambavyo ofisini viliitwa data rasta. Siku ya kwanza alipolisikia jina hilo alidhani kuna mtu anataniwa kuhusu nywele zake.

Rasta haina mistari. Ni ardhi iliyokatwa miraba midogo, ikapangwa safu kwa safu kama ubao wa drafti usio na mwisho, na kila mraba ukapewa namba moja tu. Namba hiyo inaweza kuwa urefu wa ardhi, au joto lake, au alama ya kilichoota pale. Lakini ni moja. Kama ndani ya mraba kuna shimo, jabali na nyumba ya mtu, vyote vitatu vitagawana namba hiyo hiyo, vikipenda visipende. Mama Miraba hakuipenda tabia hiyo hata kidogo. Alisema ni sawa na kumuuliza mwenye nyumba umri wa wapangaji wake, akakujibu, "Thelathini na kitu." Hata hivyo alijifunza kazi, akaijua, na miaka ikapita.

Katika maisha yake alikuwa na adui mmoja wa kudumu, naye ni wifi yake. Wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe, fundi cherehani aliyesifika kwa mkono mwepesi na sauti nzito. Ndiye aliyemlea mdogo wake baada ya mama yao kufa. Siku mdogo huyo alipompeleka mchumba wake akaonekane, wifi alimwangalia kuanzia utosini hadi visiginoni, kisha akamwambia mdogo wake, mbele ya mgeni mwenyewe, "Huyu hakupendi. Anakupima."

Hayo yangesahaulika, lakini baba yao naye alipofariki ikabaki nyumba ya wazazi, juu ya ngema ya mto, ukingo uliokatika wima hadi majini, na wifi akaendelea kuishi humo na cherehani zake. Mama Miraba akamwambia mumewe kwamba nyumba ni ya watoto wote wawili, na mtu hanyamazi kwa haki yake. Mumewe, fundi wa majokofu, mtu mpole ambaye hata nyumbani kwake aliishi kati ya joto na baridi, hakuthubutu kusema lolote. Lakini maneno yana miguu. Wifi aliyasikia. Tangu hapo mawifi hao hawakuketi chumba kimoja ila msibani, na hata huko mmoja alikaa mlangoni na mwingine jikoni.

Basi ikatokea masika moja mto ukafurika. Ulibomoa kuta, ukamchukua mzee aliyerudi ndani kuokoa redio yake. Wakubwa wakaagiza ichorwe ramani ya hatari, haraka, kabla ya mvua nyingine. Kazi ikatua mezani kwa Mama Miraba.

Data ya urefu wa ardhi iliyokuwepo ofisini ilikuwa ya miraba ya mita thelathini kila upande. Kwa bonde zima la mto, kutoka milimani hadi mashambani, hiyo inatosha. Mtu anaona maji yatakakoelekea. Kwa mtaa wenye nyumba zilizobanana kama meno, haitoshi. Mraba mmoja unameza nyumba nne, choo na nusu ya barabara. Mama Miraba alilijua hilo, na pembeni mwa ramani aliandika kwa herufi zinazosomeka kwamba isitumike kuamulia nyumba moja moja. Mkuu wa ofisi aliifuta sentensi hiyo kabla ramani haijatoka.

"Wakubwa hawapendi ramani inayojitilia shaka," alimwambia.

"Basi waipende ile itakayowadanganya."

"Mama, wewe chora. Kujibu ni kazi yangu."

Mkuu hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma kitabu kile kile alichosoma Mama Miraba, tena alikisoma kabla yake. Ila alikuwa amechoka kubishana na walio juu, na uchovu huo akawa anaumalizia kwa walio chini. Wawili hao walikuwa wamekaa chumba kimoja miaka mingi, chumba chenye mapazia yasiyofunguliwa ili mwanga usiue vioo vya kompyuta, feni inayozungusha joto lile lile, na chuki ya kimya isiyohitaji maelezo.

Ramani ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Nyeupe ni salama. Njano ni tahadhari. Nyekundu, usijenge, usikarabati, na jiandae kuhama. Watu wakajazana kutafuta mapaa yao. Wifi alipofika alipisha mtu mmoja, akasukuma wawili, akaikuta nyumba ya wazazi wake katikati ya mraba mwekundu. Pembeni yake, ng'ambo ya kinjia, nyumba ya kinyozi ilikuwa nyeupe pe.

Nyumba ya wifi ipo juu. Ya kinyozi ipo kwenye kibonde, kila mtu anajua. Lakini mraba wa wifi ulibeba pia ngema yenyewe, hadi chini majini. Urefu wa kule chini ukaishusha namba ya nyumba, wastani ukatoka mdogo, na rangi ikawa nyekundu. Mraba wa kinyozi ulikuwa na kilima nyuma yake, na kilima kikamnyanyua.

Wifi hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja idarani, na futi yake ya kupimia nguo ingali shingoni.

Mlinzi wa geti alipanda juu akachungulia mlangoni. "Mama, kuna wifi hapo chini."

"Wifi ya ofisi hii imekatika tangu asubuhi," Mama Miraba alijibu bila kugeuka.

"Siyo hiyo. Ni wifi yako. Na hii haijakatika."

Wifi alikuwa ameshapanda ngazi. Akasimama mbele ya meza, mikono kiunoni, watumishi wengine wakajifanya wanasoma.

"Umefurahi sasa?" aliuliza wifi.

"Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Ulitaka nyumba ya wazazi wangu ukaikosa. Sasa umeona kama hutaipata wewe, basi na mimi nisiipate."

"Rangi ile sikuchagua mimi. Kompyuta inachukua mraba mzima, inaupa urefu mmoja, na mraba wako una ngema ndani yake. Nyumba yako imebebeshwa shimo la jirani yake."

"Nyumba yangu na ngema ni kitu kimoja?"

"Kwa mraba ule, ndiyo."

Wifi alivuta futi shingoni, akaiweka mezani. "Mimi nikipima wanawake wawili kwa pamoja, mmoja mnene mmoja kimbaombao, nikagawanya kati, nikawashonea gauni sawa, watanilipa au watanipiga?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akajikohoza.

"Watakupiga," alisema Mama Miraba. "Na mimi niliandika hivyo hivyo, ikafutwa."

"Nani alifuta?"

Mama Miraba alitazama kiti kitupu cha Mkuu, kisha akatazama pembeni. Wifi akachukua kimya hicho kuwa ni ushahidi. "Mwongo hana hata jina la kusingizia," alisema, akaondoka. Kutoka siku hiyo alimsimulia kila mteja, huku anapima mabega na viuno, jinsi mke wa mdogo wake alivyompaka rangi nyekundu.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mumewe hakugombana. Alikula, akanawa, akasema, "Mke wangu, wewe mwenyewe uliniambia kila mraba ni namba tu. Namba si unaandika upya? Unabonyeza, yanaisha."

"Ninaweza. Haichukui hata muda wa kuchemsha maji."

"Basi bonyeza."

"Nikibonyeza kwa dada yako, kesho nitabonyeza kwa nani? Na atakayelala ndani ya nyumba hiyo siku mto unakuja, nitamwambia nini?"

"Wewe mwenyewe unasema nyumba iko juu."

"Mimi naona iko juu. Kuona siyo kupima. Ukuta wa nyuma uko hatua ngapi kutoka ngemani? Hujui, na mimi sijui."

"Dada amenilea," alisema mumewe, akanyanyuka. Toka hapo akawa anakula kwa dada yake, anarudi ameshiba, anageukia ukutani.

Mama Miraba akamfuata Mkuu, akamtaka aombe droni, kile kindege kisicho na rubani, kipite juu ya mtaa na kupima ardhi kwa miraba ya mita moja. Mkuu akaegemea kiti.

"Ukiupunguza upande wa mraba kwa nusu, faili linakuwa zito mara nne. Unajua. Kutoka thelathini hadi moja, ile kompyuta yako itatapika. Na bajeti nani ataomba, wewe?"

"Hatuhitaji bonde zima. Mtaa mmoja tu."

"Nina njia rahisi. Ikate ile miraba ya sasa iwe midogo, uilainishe, rangi ziingiane taratibu. Watu wakiona ramani laini watadhani ni mpya, watanyamaza."

"Huko ni kukata mkate vipande vingi halafu kusema umeongezeka."

"Najua ni mkate ule ule," alisema Mkuu kwa ukali. "Nimekuuliza kama utaukata."

"Sitaukata."

"Basi nenda kafanye kazi nyingine, na jina lako nitalikumbuka."

Fimbo ya mbali haiui nyoka, wahenga walisema, na Mama Miraba akaamua kusogea karibu. Ulipoitwa mkutano wa mtaa kuhusu ramani, alikwenda bila kutumwa. Walipomwona wakaguna. Mmoja akauliza kama amekuja kuwapaka waliobaki. Alisimama, akasema bila kubembeleza kwamba ramani ile ni sahihi kwa bonde na haifai kwa nyumba; kwamba waliomo kwenye nyekundu huenda wako salama, na waliomo kwenye nyeupe huenda hawako; na kwamba kuna kipimo kingine wanaweza kukidai. Kisha akaketi. Hakupigiwa makofi.

Lakini wifi alilishika neno hilo la kipimo kingine kama mtu aliyeokota panga. Hakumtazama aliyelisema. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akakusanya waliomo kwenye nyekundu, wakaenda kukaa kwenye ngazi za idara, wifi akiwa mbele na sauti yake ile, mpaka kazi ndani ikawa haifanyiki. Wakubwa wakapiga simu. Mkuu akaandika maombi ya droni kwa mkono wake, huku akisaga meno.

Droni ilipita asubuhi moja isiyo na upepo, ikivuma kama nyigu. Wifi alitoka uani akaikemea kwamba isimpige picha na nguo za ndani zilizoanikwa. Mama Miraba alikaa ofisini siku kadhaa akiondoa mapaa na miti kwenye vipimo ili ibaki ardhi tupu, kwa sababu kindege kinapima kinachokiona kwanza, na bati si ardhi. Kompyuta iliunguruma, ikazima, ikawashwa tena. Miraba ilipotulia alikuta jambo alilokuwa akilihofia.

Nyumba ya wifi ilitoka nyeupe, isipokuwa baraza la nyuma lililokuwa karibu kabisa na ngema. Kinyozi aliingia kwenye nyekundu, nyumba nzima, kuanzia kizingiti hadi choo. Na pamoja naye familia nyingine za kibondeni, ambazo mwezi mzima zilikuwa zikiwacheka wa juu.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Watu wale wale waliosema ramani ya kwanza ni neno la serikali, wakasema ya pili ni mchezo wa mawifi. Kila kitu sasa kilikuwa na maelezo: walijifanya maadui kumbe lao moja, wakaisafisha nyumba yao na kutupa uchafu kwa jirani. Kinyozi alikwenda kwa wifi na suruali yake isiyokamilika, akaichukua na uzi wake unaning'inia.

"Uliamsha kindege kije kunila mimi," alimwambia.

"Mimi niliomba nipimwe. Kwani nilijua wewe upo shimoni?"

"Ulijua. Mtaa mzima unajua. Lakini karatasi ilikuwa haijui."

Wateja wakapungua. Paa la wifi likaanza kupigwa mawe. Mama Miraba naye alitemewa mate miguuni akiwa kwenye foleni ya maji, na mwanamke aliyetema hakugeuka hata kuomba radhi. Ofisini, Mkuu alimhamishia kwenye stoo ya ramani za zamani, chumba chenye panya na karatasi zilizoshikana. "Huko kuna mistari unayoipenda," alisema.

Jioni moja wifi akabisha hodi nyumbani kwa mdogo wake. Tangu harusi hakuwahi kuingia. Mume wa Mama Miraba alifungua, akabaki amesimama kama mlango wa pili.

"Sikuja kushukuru," wifi alisema akiwa bado barazani.

"Sikutegemea," alijibu Mama Miraba kutoka ndani.

"Nauliza jambo moja. Kule mkutanini, ulikuwa unajua kinyozi ataingia?"

"Nilihisi."

"Ukanyamaza."

"Nilisema waliomo kwenye nyeupe huenda hawako salama. Nilisema mbele ya watu. Kila mtu alisikia lile lililomhusu yeye."

"Ungebadilisha ile rangi moja tu, kama mume wako alivyokuomba, mimi na wewe tungekuwa tunalala."

"Na kinyozi angelala kibondeni, anaamini yuko kilimani."

"Hilo lingekuwa lake."

"Ndiyo tofauti yetu, wifi."

"Tofauti zetu ni nyingi," alisema wifi, "usiifanye moja." Akaondoka bila kunywa hata maji. Lakini usiku huo mume alikula nyumbani.

Mvua zikaja. Kinyozi alikuwa amehama kwa hasira, akipanga chumba upande wa juu na kumlaani kila aliyempisha njiani. Maji yaliingia kwenye nyumba yake tupu hadi kiunoni, yakakaa siku tatu, yakatoka na mlango. Kibonde chote kilijaa. Baraza la nyuma la wifi lilikatika likateremka mtoni na cherehani mbovu aliyokuwa ameiacha pale kwa ukaidi. Nyumba yenyewe haikulowa.

Hakuna aliyekufa. Hata hivyo hakuna aliyeshukuru, kwa sababu maji yaliingia pia kwenye nyumba moja nyeupe kabisa, ya muuza mkaa, na mkaa wake wote ukawa uji. Kalavati la jirani, lile la kupitishia maji chini ya barabara, lilizibwa na takataka, maji yakarudi nyuma. Miraba ilijua urefu wa ardhi. Haikujua mifuko ya plastiki. Kwa watu wengi hiyo ilitosha. Ramani ni uongo, walisema, na aliyeichora aondolewe mtaani.

Ukaitwa mkutano mwingine. Mama Miraba alikwenda, kwa kuwa kutokwenda kungekuwa kukiri. Alikaa mbele. Muuza mkaa alizungumza kwa uchungu, na Mama Miraba akamwambia ana haki, kalavati hakulipima na angepaswa kuuliza nani analisafisha. Hilo liliwakasirisha zaidi kuliko kama angekataa. Kinyozi akasimama akasema wazi kwamba mwanamke huyu aliwachagulia wa kuzama na wa kupona, na nyumba ya wifi yake ndiyo ushahidi. Watu wakaitikia. Viti vikaanza kusogea.

Wifi akanyanyuka kutoka nyuma. Hakupaza sauti, ndiyo maana wakanyamaza.

"Mimi simpendi huyu," alisema. "Yeye hanipendi, na mdogo wangu pale shahidi. Angekuwa anampaka rangi anayemchukia, nyumba ya kwanza ingekuwa yangu, na ingekuwa nyekundu mpaka leo. Mumewe alimwomba anifutie akakataa. Mwezi mzima hakulala na raha kwa ajili hiyo, na mimi nilifurahi." Akamgeukia kinyozi. "Wewe uko hai unanitukana. Kilichokutoa kibondeni ni nini, akili yako?"

Kinyozi akaketi. Muuza mkaa akasema kwamba hayo hayarudishi mkaa wake. Ni kweli hayakuurudisha. Mwenyekiti akaona nafasi, akageuza mazungumzo kuwa ya kalavati na zamu za kulizibua, na mkutano ukaishia hapo, watu wakitoka wakinung'unika, wengi wao bado wamenuna.

Nje, mume alisimama kati ya dada yake na mkewe, akitumaini kidogo. Mama Miraba alisema, "Asante, wifi." Wifi akajibu kwamba hakusema kwa ajili yake, ila hapendi uongo unaoshonwa vibaya. Kila mmoja akashika njia yake, na mume, baada ya kutazama huku na huku, akaenda na mkewe.

Mama Miraba alikaa stoo hadi Mkuu alipohamishwa, ndipo akarudishwa juu. Kinyozi alijenga tena, kilimani. Hadi leo hamnyoi mtu yeyote wa nyumba za mawifi wale, na mume wa Mama Miraba hupanda basi kwenda kunyolewa mtaa wa mbali.